Kigaga na ngozi ni kazi mbili: mwongozo wa kupima jeni za uponaji wa kidonda kwa inzi wa matunda, kwa maabara za Mtwara na Lindi

Ukimchoma buu wa inzi wa matunda kwa pini nyembamba, ndani ya saa moja utaona doa jeusi pale ulipochoma. Wengi wakiliona hilo doa huandika "kidonda kimepona". Hapo ndipo kosa linapoanzia. Doa jeusi ni kigaga tu. Chini yake kuna safu moja ya seli za ngozi ambayo bado ina tundu, na itachukua karibu siku nzima kuliziba. Kigaga kina jeni zake, na kuziba ngozi kuna jeni zake. Mwaka 2004 Michael Galko na Mark Krasnow walionyesha kwa mabuu wa Drosophila melanogaster kwamba ukizima njia ya JNK (mfululizo wa ishara ndani ya seli) kwenye ngozi, kigaga hutokea kama kawaida lakini ngozi haifungi. Ukiondoa seli zinazotengeneza kigaga, kigaga hukosekana ingawa ngozi nayo huitikia jeraha kivyake.

Mwongozo huu unaeleza jaribio la nusu ya kwanza, yaani kigaga, kwa vifaa ambavyo shule au chuo cha Mtwara, Masasi, Lindi au Nachingwea kinaweza kuvipata. Nusu ya pili inahitaji hadubini ya mng'ao, nayo imeelezwa kwa kifupi mwishoni.

Inzi yupi hasa

Mkulima wa embe akisikia "inzi wa matunda" humfikiria Bactrocera, yule mkubwa wa karibu milimita 7 anayetoboa embe likiwa bado mtini. Huyo siye. Wetu ana milimita 2 hadi 3, macho mekundu, na hupenda tunda lililokwisha kuchacha. Msimu wa korosho, weka mabibo matatu yaliyopondwa ndani ya chupa ya jemu yenye koni ya karatasi mdomoni, iache kivulini karibu na panapokamuliwa mabibo, na jioni utakuwa na kadhaa.

Hao wa porini ni wazuri kwa mazoezi ya mkono. Kwa jaribio lenyewe hawafai moja kwa moja, kwa sababu utakuwa umechanganya spishi. Zaprionus utamtupa upesi, kwani ana mistari myeupe kichwani na mgongoni. Tatizo ni Drosophila simulans. Majike wake hawatofautiki kwa macho na wa melanogaster. Hutofautishwa kwa umbo la viungo vya uzazi vya dume. Kama huna namna ila kutumia wa porini, tenga jike mmoja kwa kila chupa, subiri watoto wa kiume, wachunguze hao, kisha ubaki na ukoo wa mama mmoja uliothibitishwa.

Kuna mtego mwingine kwa wanaotumia wa porini. Dume wa porini akipandana na jike wa ukoo wa zamani wa maabara, watoto wanaweza kuzaliwa tasa, hasa kwenye joto kali, kwa sababu ya vipande vya DNA vinavyohamahama viitwavyo P. Ukigeuza, jike wa porini kwa dume wa maabara, shida hiyo haitokei. Ndiyo maana mpandano wa hapa chini umepangwa hivyo. Lililo bora zaidi ni kutumia ukoo wa kawaida kama Oregon-R au Canton-S.

Ukoo wenye hitilafu ya lozenge, jeni ambayo ikiharibika seli zinazotengeneza kigaga hukosekana, huagizwa kutoka ghala la inzi kama lile la Bloomington, Indiana, Marekani. Hitilafu hii haikutokana na kupandikizwa jeni ngeni, kwa hiyo makaratasi yake ni mepesi kuliko ya inzi waliobadilishwa vinasaba. Hata hivyo kibali cha kuingiza wadudu hai ni lazima, na kishughulikieni kabla ya kuagiza, maana kifurushi kikikaa bandarini au uwanja wa ndege siku tano kwenye joto, kitafika na maiti.

Joto ndilo litakalokuangusha kwanza

Kwenye nyuzi 25 inzi huyu hukamilisha mzunguko kwa siku 10 hivi: yai saa 24 au pungufu kidogo, buu siku 4, pupa siku 4 hadi 5. Joto likikaribia nyuzi 30 madume hupoteza uwezo wa kuzalisha. Utaona inzi wapo, wanatembea, wanapandana, na hakuna buu hata mmoja. Watu hulaumu chakula, kumbe ni chumba.

Kuanzia Novemba hadi Machi chumba cha kawaida cha Mtwara mjini hakishuki chini ya hapo mchana. Tumia deli la barafu: chupa mbili za maji yaliyogandishwa za lita 1.5, badilisha asubuhi na jioni, na kipimajoto kikae katikati ya vichupa, kisiguse barafu. Lengo ni nyuzi 24 hadi 26. Mtungi wa udongo uliofunikwa kwa gunia bichi, unaosaidia sana bara kwenye hewa kavu, huku pwani haupozi kiasi hicho kwa sababu hewa yenyewe tayari imejaa unyevu. Wenye nafasi ya kupanga mwaka wao wafanye kazi hii wakati wa kusi, Juni hadi Septemba. Walioko Newala, juu ya uwanda wa Makonde, wana nafuu.

Chakula

Kwa lita 1 ya maji: unga wa mahindi gramu 70, sukari gramu 60, hamira kavu gramu 20, agari gramu 7, asidi ya propioniki mililita 5.

Chemsha agari kwenye robo tatu ya maji mpaka iyeyuke kabisa. Koroga unga, sukari na hamira kwenye robo iliyobaki ya maji baridi, mimina humo, upike kwa moto mdogo dakika 15 ukikoroga kama unavyopika uji mzito. Hamira lazima ife. Ikibaki hai itatoa gesi na kuinua chakula chote hadi kwenye pamba. Epua, subiri joto lishuke hadi nyuzi 60, ndipo utie asidi. Ukiitia ikiwa moto zaidi, itaruka na mvuke, na baada ya siku nne utakuwa unafuga ukungu. Mimina mililita 8 kwa kichupa, funika kwa kitambaa safi usiku kucha ili mvuke utoke, kisha ziba kwa pamba iliyofungwa shashi.

Wapo wanaouliza kama mwani unaolimwa huku pwani unaweza kushika nafasi ya agari. Mwani huo, spinosamu na kotonii, hutoa karajinani, ambayo ni kitu kingine. Spinosamu hutoa ute laini unaoteleza. Ukigeuza kichupa ili uwatoe inzi, chakula nacho kinashuka. Nunua agari.

Simamisha miguu ya meza kwenye makopo ya maji yenye sabuni. Sisimizi wakigundua vichupa, usiku mmoja unatosha kumaliza ukoo mzima.

Mpandano

Jeni ya lozenge iko kwenye kromosomu ya X, na hitilafu yake ni fichwa, yaani haionekani pale inzi anapokuwa pia na nakala nzima ya jeni hiyo. Inzi mwenye hitilafu hiyo hana seli za fuwele, yaani zile seli za damu, takriban asilimia 5 ya zote, zinazobeba kimeng'enya cha fenoloksidasi. Kimeng'enya hicho ndicho kinachotengeneza weusi wa kigaga. Kwa bahati nzuri jeni hiyohiyo huharibu jicho: badala ya kuwa duara lenye vijumba vilivyopangana, huwa jembamba na linalong'aa kama lililopakwa mafuta. Inzi mzima anakuambia kwa jicho lake kile ambacho buu alikificha.

Omba aleli (toleo la jeni) kali. Aleli dhaifu huacha seli chache za fuwele, nazo zinatosha kutia rangi kidonda na kukuvuruga.

Hatua ya 1. Kusanya majike bikira wa ukoo wa kawaida. Toa inzi wote kwenye kichupa asubuhi, kisha chukua majike waliototoka ndani ya saa 8 kwenye nyuzi 25. Chumba kikiwa na joto zaidi usivuke saa 6. Bikira mchanga ana rangi hafifu na doa la kijani iliyokolea tumboni.

Hatua ya 2. Weka majike bikira 10 na madume 8 wa lozenge kwenye kichupa. Usigeuze mpandano huu: majike wa lozenge karibu hawazai, viungo vyao vya uzazi vina kasoro.

Hatua ya 3. Kizazi cha kwanza wote watakuwa na macho ya kawaida. Mabinti wamebeba aleli moja yenye hitilafu, wana wa kiume hawana. Wahamishe wote pamoja, dada kwa kaka, kwenye kichupa kipya. Hapa hakuna haja ya bikira.

Hatua ya 4. Katika kizazi cha pili mabinti wote wana macho ya kawaida, na wana wa kiume ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo mabuu wa kiume ndio tunaowataka, na wakati wa kuwachoma hujui yupi ni yupi. Upofu huo ndio ulinzi wa jaribio lako. Mtu anayejua kundi lililo mkononi mwake huona kigaga pale anapotaka kukiona, hata akiwa mwaminifu.

Kupata mabuu wa umri mmoja

Waache dada na kaka watage kwa saa 4 tu kwenye sahani ya agari ya asilimia 3 iliyochanganywa na juisi ya zabibu au embe, yenye tone la hamira bichi katikati. Ondoa inzi, andika saa. Hamishia mayai kwenye chakula, yasizidi 60 kwa kichupa, maana msongamano huzaa mabuu wadogo wanaochelewa.

Unawataka mwanzoni mwa hatua ya tatu ya ukuaji wa buu, saa 72 hadi 84 baada ya kutagwa. Usitegemee saa peke yake. Mweke buu kwenye tone la maji chini ya hadubini ya kuchambulia, ukuzaji wa mara 30. Karibu na kichwa, matundu ya hewa ya mbele yamefunguka kama vidole vya mkono mdogo. Nyuma, ncha za matundu mawili zina pete ya rangi ya chungwa. Hiyo ni hatua ya tatu. Ukimwona amepanda ukuta wa kichupa, umechelewa: atageuka pupa kabla hujamaliza kusoma kidonda.

Dume hujulikana kwa kutazama ubavuni, kwenye theluthi ya nyuma. Kuna korodani mbili zinazoonekana kama viduara angavu ndani ya mafuta meupe. Kwa jike utaona kijidoa kidogo mno, au hutaona kitu. Fanya mazoezi kwa mabuu 30 na uwaache wawe wakubwa ili ujipime. Usianze jaribio mpaka ukosee chini ya mmoja kati ya kumi.

Kuchoma

Utahitaji pini ya wadudu ya unene wa milimita 0.1, iliyochomekwa kwenye ncha ya kijiti cha meno na kugandishwa kwa gundi. Sindano ya kushonea haifai kabisa. Sindano ya insulini ya geji 31 ina milimita 0.25 hivi, itakufundisha mkono, lakini itaua wengi. Andaa pia kibano chenye ncha butu, brashi laini, spiriti ya asilimia 70, na barafu. Barafu ya wauza samaki inatosha, mradi isiguse mabuu: iweke chini ya sahani ya chuma, juu yake kitambaa cheusi chenye unyevu.

Saa mbili kabla, hamishia mabuu kwenye chakula kilichotiwa rangi ya keki, ya buluu. Utaona faida yake sasa hivi.

Osha mabuu kwa maji safi, wakaushe kwa karatasi laini, wapoze dakika 10 hadi wasijikunje ukiwagusa. Mgeuze buu mgongo juu. Utaona mirija miwili myeupe ya hewa ikienda sambamba kutoka mbele hadi nyuma, kama reli. Shabaha yako iko katikati ya reli hizo, kwenye pingili ya nne ya tumbo, karibu nusu ya urefu wa mwili. Chovya pini kwenye spiriti, iache ikauke. Mshike buu ubavuni kwa kibano bila kumbana. Ingiza pini kwa mlalo wa nyuzi 30 hivi mpaka uhisi gamba limeachia, kisha chomoa kwa njia ileile. Usizungushe.

Tone dogo angavu likitokea, umefaulu. Likitoka la buluu, umetoboa utumbo; mtoe huyo kwenye hesabu papo hapo, kwani atakufa kwa vijidudu vyake mwenyewe na kifo chake hakitahusiana na jeni yoyote. Ukikata mrija wa hewa, vivyo hivyo.

Mweke kila buu kwenye kichupa chake chenye namba, juu ya chakula laini chenye unyevu. Wawe mabuu wa kiume 120 waliochomwa, na wengine 60 wa kiume waliopozwa, wakashikwa kwa kibano, wakaachwa bila kuchomwa. Kundi hili la pili watu hupenda kuliruka ili waokoe muda. Bila hilo, hutajua kama waliokufa wameuawa na pini, na baridi, au na udhaifu wao wa kuzaliwa.

Kusoma

Tazama kila kidonda baada ya saa 1, saa 4 na saa 24. Andika 0 kwa kisicho na weusi, 1 kwa ukingo wa kahawia, 2 kwa doa jeusi lililojaa. Piga picha kwa simu kupitia lenzi ya jicho ya hadubini, taa iwe palepale kila mara. Kisha waache wawe pupa, watotoke, ndipo usome macho na kuyaoanisha na namba.

Unachotarajia: wenye macho ya kawaida wana 2, wenye macho ya lozenge wana 0, labda 1. Ukipata lozenge wengi wenye 2, aleli yako ni dhaifu, au kuna uchafu uliokauka juu ya kidonda. Mguse kwa brashi yenye maji: uchafu hutoka, kigaga hakitoki.

Waliokufa kabla ya kutotoka hawana jicho la kusoma. Hapo ndipo hesabu inaposaidia. Tuseme, kwa mfano wa kukokotoa tu, wametotoka madume 60 waliochomwa: 38 wa kawaida, 22 wa lozenge. Ulitarajia 30 kwa 30. Tofauti ni 8. 8 mara 8 ni 64. Gawa kwa 30 upate 2.13, jumlisha pande zote mbili, 4.27. Kizingiti cha kai-mraba (jina la hesabu hii) kwa kiwango cha asilimia 5 ni 3.84, kwa hiyo lozenge wamepungua kuliko bahati inavyoweza kueleza. Lakini usiseme pini ndiyo iliyowapunguza mpaka uone kundi lisilochomwa. Nao wakiwa wamepungua vilevile, sababu ni udhaifu wa ukoo.

Kipimo cha maji moto

Hiki ni rahisi na kinashangaza kila anayekiona mara ya kwanza. Joto la nyuzi 60 kwa dakika 10 huamsha fenoloksidasi ndani ya seli za fuwele zikiwa mahali pake, na kila seli hugeuka kidoa cheusi kinachoonekana kupitia ngozi, hasa pingili za mwisho mgongoni.

Changanya vikombe 4 vya maji yanayochemka na vikombe 5 vya maji ya bomba yenye nyuzi 28. Hesabu inatoa 60 kamili, lakini chombo kitakula joto, kwa hiyo kipashe kwanza na urekebishe kwa kipimajoto. Chupa ya chai hushika joto vizuri. Tia mabuu 30 wa kiume, ndugu wa wale uliowachoma, ndani ya kichupa chenye maji kidogo, kizamishe, hesabu dakika. Karibu nusu watatoka na vidoa, nusu wakiwa weupe watupu. Kama wote wana vidoa, mpandano wako umekosewa na hakuna haja ya kusoma vidonda. Kama wote ni weupe, maji yalikuwa ya moto mno yakaharibu kimeng'enya. Rudia na ukoo wa kawaida kwanza.

Wenye hadubini ya mng'ao

Kwa nusu ya pili, yaani kuziba ngozi, tumia mfumo wa GAL4 na UAS, ambapo GAL4 huwasha kwenye tishu unayotaka chochote kilichounganishwa na UAS. Mfumo huu ulitangazwa na Andrea Brand na Norbert Perrimon mwaka 1993. Pandanisha inzi wenye A58-GAL4, kiendeshi cha ngozi ya buu, na wenye UAS ya RNAi (RNA inayozima jeni) dhidi ya basket, jeni ya JNK yenyewe. Hawa ni inzi waliobadilishwa vinasaba, kwa hiyo kibali chake ni kingine. Choma vilevile. Baada ya saa 24 pasua buu upande wa tumbo, mtandaze kwa pini, mgandishe kwa fomaldihaidi ya asilimia 3.7, kisha paka kingamwili 7G10 inayoshika protini ya Fasiklini III kwenye mipaka ya seli, kwa kuanzia sehemu 1 kwa 50.

Kwa buu wa kawaida utaona wavu wa mipaka umefika katikati, na baadhi ya seli zimeungana kuwa moja kubwa yenye viini vingi. Seli hizi hazigawanyiki. Hunyooka na kutambaa tu. Kwa buu aliyezimiwa basket utaona tundu jeusi lisilo na wavu, na juu yake, ulipolitazama jana kwa hadubini ya kawaida, kulikuwa na kigaga cha daraja la 2.

Pini, sahani na mabuu waliokwisha kutumika viingie kwenye friza saa 24 kabla ya kutupwa, au kwenye maji yanayochemka. Inzi wa maabara asitoke akafika kwenye mabibo.